Mkono uliopooza baada ya kiharusi: namna ya kuurudisha kazini

Katika makanisa yetu kuna ndugu na dada ambao zamani walipiga ngoma, walishona nguo, walilima shamba au waliandika majina katika daftari la ushirika, na leo mkono wao mmoja umelala tu juu ya paja. Wengi walipatwa na kiharusi, ugonjwa ambao watu wa kwetu wanauita pia AVC kwa Kifaransa. Mguu ulirudi kidogo kidogo, wakaanza kutembea, lakini mkono ulibaki nyuma. Familia ikasema: "Tumshukuru Mungu anatembea, mkono basi." Makala hii inaeleza kwa nini mkono unachelewa, nini kinaweza kuusaidia, nini kinauharibu, na sisi tulio karibu na mgonjwa tunaweza kufanya nini nyumbani, hata pale ambapo hospitali iko mbali.

Kiharusi ni nini

Kiharusi ni ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo. Uko wa namna mbili. Katika namna ya kwanza mshipa unazibika, damu haifiki mahali fulani pa ubongo, na sehemu hiyo inaanza kufa. Katika namna ya pili mshipa unapasuka, na damu inamwagika ndani ya ubongo. Sababu inayoongoza zote ni tensio, yaani shinikizo la damu lililo juu, ambalo mtu anaweza kukaa nalo miaka mingi bila kusikia maumivu yoyote. Kisukari, tumbaku na magonjwa ya moyo vinaongeza hatari.

Ishara zinakuja kwa ghafula: mdomo unapinda upande mmoja, mkono mmoja unaanguka mtu akiambiwa ainue yote miwili, maneno yanavurugika au hayatoki. Mtu akionyesha hata ishara moja kati ya hizo, apelekwe hospitali saa ileile, na familia ikumbuke ilianza saa ngapi, kwa maana daktari atauliza.

Tunajua kwamba katika mitaa na vijiji vyetu kuna watu wanaosema kwamba aliyepooza ghafula amerogwa. Neno hilo linaumiza mara mbili. Linatia chuki kati ya ndugu, tena linakula wakati. Familia ikizunguka majuma manne kutafuta nani aliroga, majuma hayo ndiyo yaleyale ambayo ubongo ulikuwa tayari zaidi kujifunza upya. Kuomba pamoja na mgonjwa hakumzuii mtu kupima tensio yake na kuanza mazoezi.

Kwa nini mkono unachelewa kuliko mguu

Amri ya kusogeza mkono inatoka katika ubongo, inashuka, na katika sehemu ya chini ya ubongo, karibu na shingo, nyingi ya njia hizo zinavuka kwenda upande wa pili. Ndiyo maana kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo kinapooza mkono wa kuume, na cha upande wa kuume kinapooza mkono wa kushoto. Katika watu wengi upande wa kushoto wa ubongo ndio wenye kazi ya kusema, kwa hiyo mara nyingi aliyepooza mkono wa kuume anapata pia shida ya maneno. Hajapoteza akili. Anasikia na anaelewa mambo mengi kuliko anavyoweza kujibu.

Mnamo 1937 Wilder Penfield na mwenzake Edwin Boldrey, wakifanya kazi Montreal, Kanada, walitangaza ramani ya sehemu ya ubongo inayosogeza mwili. Waliipata wakati wa upasuaji, kwa kugusa ubongo wa wagonjwa walio macho kwa umeme mdogo sana. Ramani hiyo ilionyesha jambo la kushangaza: mkono na uso vinachukua nafasi kubwa, kuliko mgongo wote au mguu. Sababu yake inaeleweka. Mguu ukiwa na nguvu ya kukaza tu unaweza kumbeba mtu. Mkono unatakiwa kufunga kifungo cha shati, kuokota punje ya mchele, kushika kalamu na kukata sombe. Kazi hizo zinadai kila kidole kiongozwe peke yake. Njia za kuongoza vidole zikikatwa, hakuna njia nyingine rahisi ya kuziba pengo hilo.

Ndiyo sababu mara nyingi kinachorudi kwanza ni bega na kiwiko, halafu kukunja vidole. Kufungua vidole kunakuja mwisho. Mgonjwa anaweza kushika kikombe lakini asiweze kukiachia. Watu wa nyumbani wanafikiri amekataa. Hajakataa. Amri ya kufungua haifiki.

Ubongo unajifunza tena, lakini kwa kurudia

Zamani watu walifundishwa kwamba sehemu ya ubongo iliyokufa imekwenda na kazi yake. Ni kweli kwamba seli zilizokufa hazifufuki. Lakini sehemu za jirani zinaweza kujifunza kazi ambayo haikuwa yao. Mnamo 1996 Randolph Nudo na wenzake wa Marekani walionyesha jambo hilo kwa nyani wadogo waliopata jeraha katika sehemu ya ubongo inayoongoza mkono. Nyani waliozoezwa kila siku kutoa chakula katika mashimo madogo kwa vidole vya mkono uliodhoofika walihifadhi nafasi ya mkono katika ubongo, na kwa wengine nafasi hiyo ilipanuka kuelekea sehemu ya bega na kiwiko. Nyani ambao hawakuzoezwa walizidi kupoteza.

Siri iko katika hesabu. Wanyama wale walirudia tendo moja mara mia kadhaa kwa siku. Mnamo 2009 Catherine Lang na wenzake walihesabu kinachofanyika kwa wagonjwa wa kiharusi katika vituo vya mazoezi vya Amerika ya Kaskazini. Katika kipindi kimoja cha mazoezi mgonjwa alitumia mkono kwa tendo lenye maana mara 32 tu kwa wastani. Hata katika nchi zenye hospitali kubwa, basi, mikono mingi inazoezwa kidogo mno. Baadaye kikundi hicho kilionyesha kwamba wagonjwa wengi wanaweza kufanya marudio 300 katika kipindi cha saa moja bila kudhurika, ikiwa kazi imechaguliwa kulingana na uwezo wao.

Habari hiyo inawahusu sana watu wa kwetu. Kurudia mara 300 hakudai mashine. Mnamo 2019 utafiti mkubwa wa Uingereza, uliokuwa na wagonjwa 770, ulilinganisha mazoezi ya mkono kwa roboti na huduma ya kawaida. Roboti haikurudisha kazi ya mkono kuliko huduma hiyo. Anayekaa Uvira, Beni au Kalemie asifikiri kwamba mkono wake umepotea kwa sababu hana roboti. Sahani ya maharagi na mtu wa kumhesabia vinaweza kumwanzisha kazi.

Mazoea ya kutotumia mkono

Mtaalamu mwingine wa Marekani, Edward Taub, aliona kwamba mkono uliodhoofika una adui wa pili nyuma ya kiharusi. Katika siku za kwanza mgonjwa anajaribu kuutumia, unashindwa, chakula kinamwagika, anaona haya. Anahamia mkono mzima. Huo unafaulu mara moja. Baada ya majuma machache amezoea, na hata ubongo unapopona kidogo, mkono hauitwi tena kazini. Kwa hiyo mikono mingine inaweza kufanya kazi zaidi kuliko inavyofanya, lakini imesahauliwa.

Kutokana na hayo Taub alianzisha njia ya kufunga mkono mzima katika soksi nene ya mkono kwa sehemu kubwa ya siku, na kuuzoeza uliodhoofika kwa saa nyingi. Mnamo 2006 matokeo ya jaribio kubwa la njia hiyo yalitangazwa Marekani. Wagonjwa 222, waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla, walishiriki. Waliofungwa mkono mzima na kuzoezwa kwa majuma mawili waliendelea vizuri kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida, na faida ilionekana bado mwaka mmoja baadaye.

Lakini njia hiyo ina sharti. Ni kwa mtu ambaye mkono wake tayari unaweza kunyosha kifundo na vidole kidogo. Kumfunga mkono mzima mtu ambaye mwingine hausogei kabisa ni kumtesa bure. Tena usimfunge mtu anayeyumba anapotembea, anayetegemea fimbo, au aliye karibu na moto, kwa maana akianguka hana cha kujishikia.

Saa za kwanza na miezi ya kwanza

Wengine wakisikia habari za mazoezi wanataka kumwinua mgonjwa kwa nguvu siku ileile. Hapana. Mnamo 2015 utafiti uliofanywa katika nchi tano kwa wagonjwa 2104 ulionyesha kwamba kumtoa mgonjwa kitandani mara nyingi na kwa muda mrefu kabla saa 24 hazijapita kulipunguza matokeo mema. Siku ya kwanza ni ya daktari, ya kupumzika na ya kulazwa vizuri. Baada ya hapo mgonjwa anainuliwa kwa vipindi vifupi, mara kwa mara, kama daktari au muuguzi anavyoruhusu.

Sehemu kubwa ya kupona inatokea katika majuma kumi hadi kumi na mawili ya kwanza. Kuna ishara moja ambayo kila familia inaweza kuitazama. Watafiti wa Uholanzi walitangaza mnamo 2010 kwamba wagonjwa ambao siku ya pili waliweza kunyosha vidole kidogo na kuinua bega kwenda pembeni walikuwa na nafasi ya asilimia 98 ya kupata tena angalau sehemu ya ustadi wa mkono baada ya miezi sita. Wale ambao hawakuweza lolote kati ya hayo mawili walikuwa na nafasi ya asilimia 25. Tusizifanye hesabu hizo kuwa hukumu. Mtu mmoja kati ya wanne wa kundi la pili alirudi. Lakini zinasaidia kusema ukweli: kwa wengine lengo ni kuandika tena, kwa wengine lengo ni mkono usioumiza, unaoweza kushikilia sahani mwingine unapokula.

Na aliyefika mwaka wa pili au wa tatu? Maendeleo ni ya polepole, lakini mlango haujafungwa. Katika majaribio ya kwanza ya Taub kulikuwa na watu waliopata kiharusi zaidi ya mwaka mmoja kabla, na mikono yao ilirudi kutumika zaidi.

Kuulinda mkono ambao hausogei

Kabla ya kuzungumza juu ya mazoezi, mkono ulindwe. Mambo haya ni ya kila siku.

Usimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza. Misuli inayoshikilia bega imelegea, na mfupa unaweza kushuka kutoka mahali pake. Maumivu ya bega yanayofuata yanaweza kudumu miezi mingi na kumkatisha tamaa ya mazoezi yote. Ukimwinua, mshike kiunoni au nyuma ya bega. Hata anayemvalisha aanze na mkono mgonjwa kuingia katika shati, na wakati wa kuvua autoe mwisho.

Akiketi, mkono uwekwe juu ya meza au juu ya mto, usining'inie. Akilala chali, mto mdogo uwe chini ya bega na mkono, kiganja kimefunguka. Mkono ukivimba, uinuliwe kidogo kuliko moyo.

Kila kiungo kisogezwe taratibu mara kadhaa kwa siku: bega, kiwiko, kifundo, kila kidole, na kidole gumba kwenda nje. Lengo ni viungo visikakamae. Msogezaji asimame maumivu yanapoanza. Usiinue bega lililolegea juu ya kichwa kwa nguvu, wala usitundike kamba juu ya mlango ili mgonjwa ajivute.

Jihadharini na moto. Mikono mingi iliyopooza haisikii. Mama anaweza kuegemeza vidole kwenye imbaula yenye makaa na asijue mpaka anusie harufu. Maji ya kuoga yapimwe kwa mkono mzima. Majani ya moto yasikandikwe juu ya ngozi isiyosikia, wala chale zisichanjwe. Vidonda hivyo tumeviona vikiongeza shida juu ya shida.

Banzi, ile ambayo hospitalini wanaiita atele, isivaliwe kwa kuigana. Mtaalamu anaweza kuiagiza kwa sababu fulani, lakini kuvaa banzi peke yake bila mazoezi hakuzuii mkono kukakamaa.

Mazoezi nyumbani, hatua kwa hatua

Kama yupo mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye wengi wetu tunamwita kinezi, amwone mgonjwa kwanza na kupanga kazi. Katika hospitali kubwa za majimbo yupo mara nyingi, hata kama kituo cha afya cha karibu hakina. Ukimpata mara moja tu kwa mwezi, mwombe akuonyeshe kazi tatu na akuambie lini uzibadilishe.

*Mkono usiosogea.* Mgonjwa aketi mezani, mikono yote miwili mbele yake juu ya kitambaa. Auangalie mkono mgonjwa na kujaribu kuusukuma mbele, hata kama hauendi, huku mwenzake akiusaidia kidogo. Kujaribu kwenyewe ni kazi. Kisha ashikanishe vidole vya mikono yote miwili na kuteleza mbele na nyuma juu ya kitambaa, kulia na kushoto.

Katika hatua hii kioo kinaweza kusaidia. Kioo kinasimamishwa mezani katikati ya mikono, uso wake ukielekea mkono mzima, mkono mgonjwa ukiwa umefichwa nyuma yake. Mgonjwa anatazama katika kioo na kuufungua na kuufunga mkono mzima taratibu. Macho yanaona kana kwamba mkono mgonjwa ndio unaosogea, naye anajaribu kuusogeza pamoja. Njia hii ilianza na V. S. Ramachandran katika miaka ya 1990 kwa watu waliokatwa mkono, na mnamo 1999 ilijaribiwa kwa wagonjwa tisa wa kiharusi. Mnamo 2018 wachunguzi walikusanya tafiti 62 zenye watu 1982, wakaona kwamba kioo kikiongezwa juu ya mazoezi mengine kinasaidia mwendo wa mkono. Nusu saa kwa siku, katika mahali penye utulivu, inatosha. Kioo kifungwe vizuri kisianguke na kuvunjika.

*Mkono unaosogea lakini vidole havifunguki vyema.* Hapa kazi ni kufikia na kuachia. Weka kikombe cha plastiki kisicho na kitu mezani. Mgonjwa akifikie, akiguse, akisukume, halafu arudi. Akiweza kukishika, kazi ngumu ni kukiachia mahali palipopangwa. Afute meza kwa kitambaa. Ageuze kiganja juu, kisha chini. Aviringishe chupa ya maji mbele na nyuma. Watu wengi wanampa mgonjwa mpira wa kufinya siku nzima. Kufinya kunazoeza misuli ambayo tayari inakaza kupita kiasi. Anachohitaji zaidi ni kufungua.

*Vidole vinavyofunguka.* Sasa nyumba yote inakuwa mahali pa mazoezi. Kuchambua maharagi moja moja, kuhamisha vifuniko vya chupa kutoka bakuli hadi bakuli, kufunua kurasa za Biblia au za daftari, kufunga vifungo, kukunja kikwembe, kumenya ndizi, kukamua kitambaa katika basani, kuandika jina lake mwenyewe. Chagua kazi ambayo yeye aliipenda. Fundi wa kushona ashike kitambaa. Mwalimu ashike chaki.

Kwa kila hatua fuata kanuni tatu. Kwanza, kazi iwe ngumu kidogo: akifaulu mara zote, iongezwe, akishindwa karibu mara zote, ipunguzwe. Pili, hesabuni. Anzeni na marudio 50 kwa siku, mkapande hadi 100, kisha 200 na 300, mkigawa katika vipindi vya asubuhi, mchana na jioni. Mjukuu anayejifunza shule anaweza kuchora alama katika daftari. Tatu, kila juma pimeni kitu kimoja: amehamisha maharagi mangapi kwa dakika moja? Mgonjwa asiyeona hesabu anafikiri hakuna kinachobadilika, na anaacha.

Mkono ukikaza sana, ukivimba na kuwaka, au bega likianza kuuma usiku, punguza na umwone daktari. Na dawa za tensio zisiachwe kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Mkono uliozoezwa miezi sita unaweza kupotea kwa kiharusi cha pili katika dakika moja.

Mikono iliyopooza kwa risasi na panga

Mashariki ya nchi yetu mikono mingi haikupoozeshwa na ubongo. Risasi, panga au ajali ya pikipiki ilikata neva yenyewe katika mkono. Hapo mambo ni tofauti. Neva ya nje ikiunganishwa au ikibaki na njia yake, inaota upya, lakini polepole: karibu milimita moja kwa siku, yaani sentimita tatu hivi kwa mwezi. Jeraha la juu ya kiwiko linaweza kudai mwaka mzima kabla vidole havijapata habari. Misuli isiyofikiwa na neva kwa muda mrefu sana inanyauka kabisa, kwa hiyo kuchelewa kumwona mpasuaji kunagharimu.

Neva inayozunguka mfupa wa mkono wa juu ikikatwa, kifundo kinaanguka na mtu hawezi kukiinua. Ile inayopita nyuma ya kiwiko ikikatwa, vidole viwili vya mwisho vinapinda kama makucha. Ile ya katikati ikikatwa, kidole gumba hakiwezi kukutana na vingine. Wakati wa kungoja, kazi ni kuvisogeza viungo kila siku ili neva itakapofika ikute mkono ambao haujakakamaa. Pale neva isiporudi, mpasuaji anaweza kuhamisha kano ya msuli ulio hai ili ufanye kazi ya ule uliokufa. Njia hiyo imerudisha mikono mingi kazini. Paul Brand aliikuza sana huko Vellore, India, kwa wagonjwa wa ukoma, tangu miaka ya 1940.

Upole unaoudhoofisha mkono

Katika desturi zetu mkono wa kuume ndio wa kusalimia, wa kupokea, wa kumega bugali. Aliyepooza mkono huo anaona haya kutoa wa kushoto mbele ya wakubwa. Anaacha kwenda kwenye misiba na arusi. Anakula peke yake ndani. Na sisi, kwa upendo, tunamlisha, tunamvalisha, tunamnyang'anya kila kazi: "Mzee, pumzika." Kila kazi tunayomnyang'anya ni marudio ambayo mkono haukuyapata.

Kumsaidia vizuri ni kungoja. Ikiwa anahitaji dakika tano kufunga kifungo kimoja, keti naye dakika tano. Mwambie asalimie kwa mkono mgonjwa akiushikilia kwa mzima, nawe uupokee kwa mikono miwili. Mpe kazi ndogo yenye maana: ashikilie bakuli wakati binti anakoroga, agawe vitabu vya nyimbo mlangoni, ashike kikapu cha sadaka pamoja na mwingine. Marko sura ya 3 na Luka sura ya 6 zinatuambia habari za mtu mwenye mkono uliopooza, na Luka anataja kwamba ulikuwa wa kuume. Yesu alimwita asimame katikati ya watu. Wengi wetu tumewaweka wagonjwa wetu katika chumba cha nyuma.

Lakini familia isibebeshwe mzigo wote. Mnamo 2017 matokeo ya utafiti wa India, wenye wagonjwa 1250 katika hospitali 14, yalitangazwa. Familia zilifundishwa kuendesha mazoezi nyumbani, na baada ya miezi sita wagonjwa wao hawakuwa na hali bora kuliko wale waliopata huduma ya kawaida tu. Mapenzi mema peke yake hayatoshi. Wanahitajika mtaalamu wa kurudi kuangalia na kurekebisha, na hesabu ya kweli ya marudio. Mama anayemtunza mume aliyepooza, tena analima na kulea watoto, hawezi kusimamia marudio 300 kila siku peke yake.

Hapo ndipo ushirika unaweza kushika sehemu yake. Kundi la akina mama au la vijana linaweza kugawana siku za juma: mmoja Jumatatu, mwingine Jumanne, kila mtu saa moja, na daftari moja linalobaki katika nyumba ya mgonjwa. Anayekuja aombe, asome neno, kisha afungue daftari na kuhesabu maharagi. Mtu mmoja achukue jukumu la kumpeleka mgonjwa kupima tensio kila mwezi, na mwingine aulize katika zoni ya afya kinezi wa karibu anapatikana wapi na siku gani.

Mwenye mgonjwa nyumbani aanze juma hili kwa mambo matatu: apime tensio, aulinde bega, na achague kazi moja ya mkono ambayo mgonjwa mwenyewe ameitamani. Kisha aandike tarehe katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na idadi ya siku hiyo, hata ikiwa ni tano.